Ziwa Michaelson, Mlima Kenya: mwongozo kamili wa kufika, kulala na kurudi

Ziwa Michaelson liko upande wa mashariki wa Mlima Kenya, karibu mita 3,950 juu ya usawa wa bahari, kwenye sakafu ya bonde la Gorges lililochongwa na barafu ya kale hadi likawa na umbo la hori. Upande wa kusini umesimama ukuta wa mwamba uitwao Temple, kimo chake kama mita 300. Wengi wanaopanda kwa njia ya Chogoria hulichungulia ziwa wakiwa juu ya ukuta huo, wanapiga picha, kisha wanaendelea na safari ya kilele cha Lenana. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kushuka hadi penye maji, alale hapo usiku mmoja au miwili, na arudi akiwa mzima.

Huhitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba. Unahitaji miguu iliyozoea kutembea saa sita au saba kwa siku, nguo za baridi kali, na mpango mzuri wa usiku wako. Kosa la mpango wa usiku ndilo linalowarudisha watu nyumbani wakitapika.

Usiku utalala wapi

Ubaya wa Chogoria ni urahisi wake. Mji wenyewe uko kwenye mita 1,500 hivi, na gari la magurudumu manne linaweza kukufikisha Roadhead, mwisho wa barabara ya gari, penye mita 3,300, kabla hujamaliza kusaga chapati ya asubuhi tumboni. Mwili haujajua kilichotokea. Ukilala Roadhead siku hiyo hiyo, kesho yake ukapanda hadi kambi ya Mintos karibu na mita 4,300, utakuwa umetoka kwenye mashamba ya chai hadi kimo ambacho hewa yake ina kama asilimia 60 tu ya oksijeni ya pwani, kwa siku mbili. Kichwa kitauma. Kwa wengine hakitaishia kuuma.

Kanuni inayokubalika na madaktari wa milimani ni hii: ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Mchana unaweza kwenda juu zaidi ukarudi. Kwa safari ya Michaelson, kanuni hiyo inakaa vizuri utadhani mlima uliumbwa kwa kuifuata:

Usiku wa 1: lango la Chogoria, mita 2,950.
Usiku wa 2: Ziwa Ellis, karibu mita 3,450.
Usiku wa 3: Ziwa Michaelson, karibu mita 3,950.

Usiku wa nne ni wako. Ukiwa na nafasi, lala tena ziwani na utumie mchana kupanda Hall Tarns, vidimbwi vilivyo juu ya ukingo wa bonde, ukarudi. Anayetoka Mombasa, Dar es Salaam au Kisumu aongeze usiku mmoja langoni. Mkazi wa Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ana nafuu ndogo tu, asijidanganye.

Kuna dawa ya asetazolamaidi ambayo husaidia mwili kuzoea. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Hukojolesha sana na huleta ganzi ya vidole, na wenye mzio wa dawa za salfa wanapaswa kujiepusha nayo. Muulize daktari kwanza. Dawa hiyo haichukui nafasi ya kanuni ya mita 500.

Majira

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Lakini kumbuka kwamba mashariki ndiko upande wenye mvua zaidi kuliko njia za Sirimon au Naro Moru, kwa sababu upepo unaotoka baharini hugonga huku kwanza. Hata Julai beba koti la mvua lisilopenya.

Siku ya kawaida bondeni huwa hivi: alfajiri mbingu bila wingu, sakitu chini; saa moja asubuhi jua linaingia kutoka mashariki, mdomo wa bonde ukiwa wazi; kufika saa tano ukungu unapanda kutoka chini na kufunika kila kitu; alasiri manyunyu, mvua ya mawe au theluji nyepesi; usiku anga linafunguka tena na baridi inashuka chini ya sifuri. Kwa hiyo tembea mapema. Anayeondoka kambini saa tatu ameshapoteza nusu ya siku.

Vibali na watu

Ada za hifadhi hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, si kwa fedha taslimu langoni. Ada ya kuingia na ada ya kupiga kambi ni vitu viwili, na viwango vya raia, mkazi na mgeni havilingani. Viangalie wiki ile ile unayosafiri. Lipia siku zote, pamoja na moja ya akiba, kwa sababu ukichelewa kushuka utadaiwa langoni. Hakuna mtandao wa kutegemewa pale, basi risiti ihifadhi kwenye simu kama picha na uwe na nakala ya karatasi.

Usiingie peke yako kulala. Chukua mwongoza wageni aliyesajiliwa, na kabla hamjapatana muulize swali moja: ameshawahi kulala Michaelson, au ameiona kutoka Temple tu? Wengi wanaijua njia ya kawaida ya ukingoni kama kiganja cha mkono, lakini njia ya bondeni hawaipiti mara kwa mara, na ukungu ukishashuka huko vijia hugawanyika kwenye nyasi bila alama. Mpagazi mmoja apewe kilo 18, zisizidi 20 pamoja na vitu vyake. Pima mizigo Chogoria, mbele ya kila mtu. Ugomvi wa mizani mjini ni mwepesi kuliko ugomvi wa mizani milimani. Hakikisha pia kwamba wapagazi wenyewe wana hema, mablanketi na makoti ya mvua. Mpagazi aliyelowa ni mgonjwa wako kesho.

Plastiki za matumizi ya mara moja zimepigwa marufuku kwenye hifadhi za Kenya tangu Juni 2020, chupa za maji zikiwemo. Njoo na chupa ngumu, lita mbili au tatu kwa kila mtu.

Vya kubeba

Nguo za pamba ziache nyumbani, jinzi hasa. Zikilowa hazikauki, na mvua ya nyuzi tatu za joto inaua haraka kuliko baridi kavu ya chini ya sifuri. Huhitaji duka la bei mbaya: sweta za flisi, suruali za kutembelea na hata makoti ya manyoya ya bata hupatikana kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba na Toi, Nairobi. Vitatu visikosekane: tabaka la karibu na ngozi linalokauka upesi, sweta nzito, na koti na suruali za mvua. Ongeza glavu jozi mbili, kofia inayofunika masikio, na seti moja kavu ya kulalia ambayo haiguswi mchana hata mvua inyeshe vipi.

Mfuko wa kulalia uwe wa kufaa nyuzi 10 chini ya sifuri. Soma kipimo cha starehe, si kile cha mwisho wa uvumilivu; vyote huandikwa kwenye lebo, na wauzaji hupenda kutaja kile cha pili. Mkeka wa povu chini ya godoro la upepo ni wa lazima, kwa kuwa ardhi ndiyo mwizi mkubwa wa joto. Hema liwe la misimu mitatu au zaidi, turubai ya nje ikigusa karibu na ardhi. Tochi ya kichwani na betri za akiba, miwani ya jua, mafuta ya ngozi ya kuzuia jua, fimbo mbili za kutembelea. Viatu vizito vilivyokwishavaliwa; na kwa kuwa matope ya Ellis humeza mguu hadi kifundoni, vifuniko vya miguu vya kuzuia maji vitakulipa gharama yake siku ya kwanza.

Chakula kinahitaji maelezo kidogo. Kwenye kimo cha ziwa maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, si 100. Maharagwe makavu hayaivi: utachoma gesi saa tatu na bado yatalia kama changarawe. Githeri ipikwe mjini, igandishwe ikiwezekana, iliwe usiku wa kwanza. Kamande nyekundu, tambi nyembamba, uji na shayiri vinafaa. Wali huchukua muda mrefu na hubaki na kiini kigumu. Ugali unaiva ukiupa dakika za ziada na mfuniko. Chapati zilizopikwa tayari ndizo mfalme wa safari hii, kwani zinapashwa tu. Kwa watu wawili kwa siku nne, mtungi wa gesi wa gramu 450 unatosha mkichemsha kwa kufunika sufuria. Gesi hupoteza nguvu kwenye baridi, kwa hiyo mtungi ulale nawe ndani ya mfuko, ama asubuhi moto utakuwa kama wa kiberiti. Kuni haziwashwi.

Siku ya 1: Chogoria hadi langoni

Kutoka Nairobi ni kilomita 200 hivi kupitia Embu na Chuka, saa nne kwa matatu. Kutoka mjini hadi lango la hifadhi ni karibu kilomita 30 za msitu na mianzi. Kodi gari, kutembea sehemu hii ni kuwatafuta nyati na tembo nyumbani kwao, na kunakula siku nzima. Msimu wa mvua udongo huu mwekundu huteleza kama sabuni, basi muulize dereva kuhusu hali ya barabara siku moja kabla na ukubaliane naye kitakachotokea gari likikwama.

Ukifika langoni mchana, tembea saa moja au mbili kuelekea juu bila mzigo, kisha urudi kulala. Kunywa lita tatu za maji. Hapo zipo banda za kukodi kwa asiyetaka hema.

Siku ya 2: langoni hadi Ziwa Ellis

Fuata barabara hadi Roadhead, kilomita 7 hivi, kisha ushike kijia cha kaskazini kuelekea Ellis. Jumla ni saa tatu hadi nne kwa mwendo wa polepole. Mwendo sahihi ni ule ambao unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema; ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Piga kambi mbali na maji, kwenye mwinuko. Nyati hushuka hapa jioni kunywa, na nyasi nzuri tambarare unayoitamani ndiyo njia yao. Tazama kinyesi na alama za kwato kabla ya kukung'uta hema. Alasiri, ukungu ukiruhusu, panda kilima cha Mugi ujue njia ya kesho.

Siku ya 3: Ellis hadi Michaelson

Hii ndiyo siku ndefu, saa sita hadi saba. Ondoka saa moja asubuhi.

Njia inapita Mugi, inafuata miteremko ya nyasi za mafungu upande wa kaskazini wa korongo, kisha inaingia bondeni na kupanda pamoja na mto Nithi, ikipita maporomoko ya Vivienne, yaliyopewa jina la Vivienne de Watteville aliyekaa mlimani hapa mwaka 1929. Mwinuko si mkali. Kinachochosha ni nyasi zenyewe: kila fungu ni kichuguu cha magoti, kati yake kuna shimo la maji, na mguu haukanyagi mahali pawili palipo sawa. Kanyaga kati ya mafungu, usiruke juu yake. Fimbo ipime shimo kwanza. Vifundo vingi huteguka hapa, wala si kwenye miamba.

Ukungu ukiwakuta kabla hamjaingia bondeni, kaeni pamoja mkiwa na ramani iliyopakuliwa kwenye simu na simu ikae mfukoni mwa ndani, maana baridi huua betri. Usikate kona kuelekea sauti ya mto. Korongo lina magenge ambayo huyaoni hadi uwe ukingoni.

Bondeni mimea inabadilika. Senesio kubwa zinasimama kama watu waliojifunika mablanketi. Majani yake makavu hayadondoki, hubaki yamelizunguka shina kulilinda lisigande usiku. Anayeyachuna awashie moto anauvua mti nguo. Lobelia fupi nazo hukusanya maji katikati ya majani. Asubuhi na mapema inama uangalie moja kwa karibu: majani yamejikunja, juu ya maji kuna kigae cha barafu chembamba kama kioo cha saa, na chini yake maji bado ni maji, yakilinda kichipukizi. Usikitoboe kwa kidole.

Kupiga kambi ziwani

Hapa ndipo penye uamuzi wa maana. Hewa baridi ni nzito. Usiku humiminika kutoka kuta za bonde na kutuama chini kama maji kwenye bakuli. Tambarare iliyo kando ya ziwa, ambayo mchana inakuita, usiku ndiyo baridi kuliko zote, na chini ya nyasi zake kuna matindiga. Tafuta kibao cha ardhi kavu mita chache juu ya usawa wa ziwa, angalau hatua 70 kutoka majini. Jaribio: simama mahali pamoja dakika moja, kisha inua mguu. Alama ikijaa maji, ondoka. Pia usilale chini kabisa ya ukuta wa Temple, mawe yaliyolala pale yalidondoka kutoka juu.

Elekeza mlango wa hema mashariki. Jua la asubuhi litaingia bila kuzuiwa, na utaweza kuyeyusha sakitu na kukausha hema kabla ya kulikunja. Vigingi vya kawaida havishiki kwenye udongo huu, kwa sababu maji yaliyomo huganda usiku kuwa sindano za barafu zinazouinua. Funga kamba kwenye mawe makubwa pia. Alfajiri ardhi italia kacha-kacha chini ya kiatu, na saa mbili baadaye mahali hapo hapo ni tope.

Maji ya ziwa yanapendeza, lakini chemsha yatokote dakika tatu kabla ya kunywa. Jaza chupa moto jioni, iweke miguuni ndani ya mfuko. Asubuhi una maji ambayo hayakuganda. Kuosha vyombo na mwili ni hatua 70 mbali na ziwa, bila sabuni kuingia majini. Haja kubwa: shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali vile vile, na karatasi irudi nawe mjini, kwa kuwa kwenye baridi hii kitu hakiozi. Chakula kifungie ndani ya chombo kigumu. Pimbi wa huku hawana aibu, wanajua sauti ya zipu.

Picha nzuri hupatikana kati ya saa moja na saa nne asubuhi. Droni inahitaji vibali, acha nyumbani.

Mtu akiugua ziwani

Kabla ya kulala, kila mtu aulizwe: kichwa? kichefuchefu? ulikula? Maumivu ya kichwa peke yake yanakubali maji, mapumziko na dawa ya maumivu, lakini mtu huyo hapandi tena mpaka yaishe. Kichwa pamoja na kutapika, shuka asubuhi. Dalili mbili hazingoji asubuhi: kuhema mtu akiwa ameketi tu, hasa kwa kikohozi chenye povu, na kupepesuka. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole. Akiyumba, ubongo umevimba. Ashushwe mara moja, kwa tochi, akishikwa pande mbili, hata kama anasema yuko sawa. Atasema yuko sawa.

Na hapa ziwa lina hila yake. Njia fupi ya kufika barabarani inapitia ukingo wa kusini, yaani inabidi kwanza upande karibu mita 300 hadi Hall Tarns, na mgonjwa wa mwinuko hapandishwi. Mshushe kwa njia mliyojia, chini na mto, hata kama ni ndefu. Bondeni simu haishiki. Mtu mmoja mwenye nguvu pamoja na mwenzake wapande ukingoni kutafuta mtandao. Helikopta haiingii kwenye ukungu, basi msikae mkiingoja.

Siku ya 4 na kurudi

Asiye na mpango wa kilele arudi kwa kupanda ukingo wa kusini asubuhi, ili aone ziwa kutoka Temple na kushuka njia ya kawaida hadi Roadhead. Kijia cha kupanda kutoka ziwani ni mteremko mkali wa nyasi na mawe yanayoporomoka: pandeni mmoja mmoja, asiwepo mtu chini ya mwingine moja kwa moja. Usijitungie njia ya kupitia ukuta wenyewe. Ukifika Hall Tarns, pumzika. Uko karibu mita 4,300 sasa. Ukingo wa Temple hauna uzio, nyasi zake huwa na maji, na upepo hupiga ghafla kutoka chini. Lala kifudifudi ukitaka kuchungulia. Kutoka hapo hadi Roadhead ni saa nne hivi kushuka, na gari liwe limeshaagizwa tangu siku ya kwanza.

Anayeendelea Lenana, mita 4,985, alale Mintos usiku mmoja zaidi kwanza. Maji ya vidimbwi vya pale yamechafuliwa na kambi za miaka mingi; yachemshe kwa uangalifu zaidi kuliko ya Michaelson, au jaza chupa zote ziwani kabla ya kupanda.